Ongeza hizo siku kumi, dada

Wiki mbili zilizopita nilipata barua ndefu kutoka kwa msomaji wa Morogoro, mjane mwenye watoto watatu. Ameniomba nisitaje jina lake. Mwanawe wa kwanza anahitimu chuo mwezi wa kumi huko Chandigarh, kaskazini mwa India, na ni miaka minne sasa hawajaonana ana kwa ana. Mama huyu amejinyima, amecheza vikoba viwili, ameuza cherehani yake ya pili, mpaka akapata nauli ya kwenda kwenye mahafali. Sasa kijana amempigia simu: "Mama, usije kwa siku tatu ukarudi. Ongeza siku kumi nikupeleke milimani, Himachal."

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mashemeji wanasema mama mzima, mjane, anakwenda kutalii na fedha za watoto. "Kilimanjaro ipo hapa hapa hajawahi hata kuisogelea, leo anataka milima ya Wahindi?" Dada yake wa damu naye anamwambia fedha za hizo siku kumi zingepaua vyumba viwili vya uani. Na juu ya hayo yote, yeye mwenyewe ana presha. Anauliza: niende milimani, au nitazame mahafali nigeuze?

Ningeweza kumjibu kwa simu. Lakini katikati ya barua ile kuna sentensi moja iliyonifanya niijibu hapa, kwa sababu najua si yeye peke yake: "Siku hizi nikimpigia ananijibu kama karani wa benki. Poa mama, salama mama, haya mama."

Dada yangu, nenda. Ongeza hizo siku kumi. Na nitakueleza kwa nini, kwa kuwa huko unakoitwa nimefika.

Ilikuwa Oktoba 2017. Nilimpeleka marehemu baba yangu Delhi kwa matibabu ya macho. Alikuwa na presha ya macho, ugonjwa ambao hauumi wala hauna haraka, unakula pembeni taratibu mpaka siku moja unagundua unaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Jicho la kulia lilikuwa limekwisha kabisa. La kushoto wakalifanyia upasuaji, kisha wakatuambia turudi baada ya siku kumi na mbili. Siku kumi na mbili katika chumba cha nyumba ya wageni, feni juu, honi za bajaji nje, mimi kitanda hiki na baba kile. Siku mbili za kwanza tulizungumza habari za dawa tu: umeweka matone? Nimeweka.

Baba alikuwa Msambaa wa Lushoto, fundi wa reli mstaafu, karakana ya Tanga. Hakuwa mtu wa maneno. Mlinzi wa ile nyumba alikuwa kijana wa milimani, na aliposikia kwamba mzee ni mtu wa reli, akamwambia kwao kuna treni ndogo inayopanda mlima kutoka Kalka mpaka Shimla. Baba akanigeukia na kusema, "Muulize daktari." Daktari akaruhusu: asibebe mzigo, avae miwani ya giza, asiache matone. Kesho yake tukaondoka.

Watu wengi wakisikia Himalaya wanafikiri Everest, mitungi ya oksijeni na watu waliogandia kwenye barafu. Safu ile ina urefu wa kilomita 2,400 hivi, imepita Pakistan, India, Nepal, Bhutan na Tibet, na sehemu kubwa wanaishi watu kama mimi na wewe: wanalima, wanafuga, wanapeleka watoto shule. Himachal Pradesh ni jimbo mojawapo la India katika safu hiyo. Kutoka Chandigarh anakosoma mwanao mpaka Kalka, inakoanzia treni, hata kilomita 30 hazifiki. Yaani kijana hakuiti mwisho wa dunia. Anakuita mlango wa pili.

Hiyo treni ndiyo sababu yangu ya kwanza, na kwangu ingetosha peke yake. Njia ina kilomita 96, ilifunguliwa mwaka 1903, na tangu 2008 imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Inaanza kwenye mita 656 juu ya bahari na kuishia kwenye mita 2,076, ikipita mahandaki zaidi ya mia moja na madaraja zaidi ya mia nane, mengine ya matao ya mawe yaliyopandana ghorofa kwa ghorofa. Reli zenyewe ni nyembamba, upana wake futi mbili na nusu. Baba alishuka pale Kalka akaipima kwa mkongojo wake, akacheka. "Hii ni ya kuchezea." Yeye alizoea ya mita moja. Akaniambia jambo ambalo sikuwa nimelifikiria: kwamba miaka ile ile milima hii ilipokuwa ikichimbwa, vijana wa Punjab walikuwa wamepandishwa meli kwenda kujenga reli ya kutoka Mombasa kwenda Ziwa Viktoria. Wengine walibaki Afrika Mashariki, na watoto wao ndio waliomfundisha kazi karakana.

Inakwenda polepole mno. Saa tano na zaidi kwa kilomita 96! Basi la Morogoro lingekuwa limeshakwenda Dar na kurudi. Simu inashika na kupotea. Mmekaa mkitazamana, magoti yakigusana, na hakuna wa kuwaita.

Katikati ya safari kuna handaki refu kuliko yote, namba 33, linaloitwa Barog, lenye urefu wa zaidi ya kilomita moja. Watu wa huko wanasimulia kwamba mhandisi Mwingereza aliyepewa kazi hiyo, Barog, alianza kuchimba kutoka pande mbili na zile pande zikakataa kukutana. Serikali ikamtoza faini ya rupia moja. Rupia moja! Aibu ikamshinda, akajiua. Mwishowe, wanasema, aliyewaonyesha pa kupita ni mwenyeji wa milima ile, Bhalku, mtu asiye na cheti cha uhandisi. Muuza chai ndani ya behewa alitusimulia kwa Kiingereza cha kuvunjavunja, na baba akaitikia kwa kichwa.

Treni ikaingia handakini. Giza. Ndipo baba akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ule mwaka nilikuzuia usiende shule, nilikuwa nimesimamishwa kazi."

Nilikuwa nimechaguliwa kwenda sekondari ya bweni. Baba akasema nisubiri mwaka. Nilisubiri, nikaenda mwaka uliofuata nikiwa nyuma ya wenzangu, na kwa miaka zaidi ya thelathini niliamini alifanya hivyo kwa kuwa mimi ni mtoto wa kike. Sikuwahi kumuuliza. Nilikuwa nampelekea sukari na sabuni kila mwezi, namsalimu shikamoo, na moyoni nimefunga. Kumbe mwaka ule hakuwa na fedha ya sanduku wala godoro wala nauli, na aliona aibu kumwambia hata mama. Alikuwa akitoka asubuhi na chakula chake kama anakwenda karakana, anakwenda kukaa ufukweni.

Tulipotoka kwenye mwanga alikuwa amevaa ile miwani ya giza, sikuona macho yake. Treni ikasimama kituo cha Barog. Tukashuka, tukanywa chai.

Sisemi mlima una dawa. Nasema nyumbani asingelisema. Nyumbani kuna wageni, kuna taarifa ya habari, kuna mjukuu analia, daima kuna sababu ya kuahirisha. Huyo kijana wako anayekujibu kama karani huenda naye ana neno lake analoliahirisha kwa miaka minne. Huenda hana. Lakini aliyeomba siku kumi ni yeye, dada, si wewe. Vijana wengi wa umri wake wangependa mama aje, apige picha na joho, aondoke kabla hajaona chumba wanacholala.

Shimla yenyewe sitakupamba. Waingereza waliifanya makao yao ya kiangazi mwaka 1864, wakikimbia joto, kama Wajerumani walivyoipenda Lushoto. Serikali nzima ilikuwa ikihamia mlimani kila mwaka na mafaili yake. Kuna kanisa la zamani, kuna barabara kuu isiyoingia magari, na kuna nyani wezi. Kwenye hekalu la Jakhoo, lililo juu kabisa ya mji, nyani mmoja alimrukia baba begani akaondoka na miwani ya giza. Nilipiga kelele nikidhani amemtia kucha jichoni. Muuza bisi mmoja akaja bila haraka, akamrushia nyani mfuko wa bisi, nyani akaachia miwani, na mimi nikalipa bisi. Nina hakika wale wawili wana ubia. Kwa hiyo ukifika, miwani mfukoni.

Na jambo jingine nikwambie mapema: utatazamwa. Utaombwa picha na watu usiowajua, wengine hawataomba. Mtoto atakushika nywele. Mwanao ameishi nayo miaka minne na pengine hajawahi kukuambia. Utakapotembea naye sokoni ukaona anavyowajibu watu, kwa Kihindi, kwa utani au kwa ukali, utajua ameishije.

Lakini Shimla usikae zaidi ya siku mbili. Mwambie akupeleke mbele, Narkanda, kilomita 60 na ushei kwa barabara, halafu mshuke upande wa Kotgarh na Thanedar kwenye mashamba ya matufaha. Hapo ndipo moyo wangu ulipobaki. Historia ya matufaha yale nayo ni ya kusimuliwa. Mwaka 1904 kijana Mmarekani wa miaka 21, Samuel Stokes, mtoto wa tajiri, alikuja India kuhudumia wagonjwa wa ukoma. Akapelekwa milimani, akapapenda, akaoa binti wa huko, akakataa kurudi kwao. Mwaka 1916 alipanda miche ya matufaha mekundu kutoka Marekani na kuwagawia majirani. Baadaye akaingia katika mapambano ya uhuru wa India na kufungwa jela na Waingereza. Leo matufaha ndiyo yanayosomesha watoto wa bonde lile. Oktoba utakuta mavuno yanamalizikia, malori yamepanga foleni, njia nzima inanuka tamu.

Tulilala siku tano kwenye nyumba ya familia moja inayopokea wageni. Kama fedha yako ni ya kuhesabu, na najua ni ya kuhesabu, hiyo ndiyo njia: ni nafuu kuliko hoteli na chakula kimo humo humo. Nyumba ilikuwa ya zamani, ya mbao na mawe, tabaka la gogo juu ya tabaka la jiwe, bila saruji. Baba wa nyumba alitueleza kwamba ardhi ikitetemeka ukuta wa namna ile unacheza lakini hauanguki. Wana sababu ya kuwaza hivyo, kwa kuwa tetemeko la Kangra la mwaka 1905 liliua watu wanaokaribia 20,000 katika milima ile. Katikati ya chumba kikubwa kuna jiko la chuma lenye bomba la moshi linalotoboa paa. Jioni familia nzima inakuja pale, bibi, wana, wakwe, wajukuu, kwa sababu vyumba vingine vyote ni baridi. Hakuna mtoto wa kujifungia chumbani na simu, ataganda. (Nilipolirudia hili kwa mume wangu aliniuliza kama jiko hilo linauzwa Kariakoo.)

Chakula usiogope. Kuna wali na maharage mekundu, wanaita rajma, ungedhani umekula kwa jirani. Kuna chapati ya unga wa mahindi, ambayo baba aliiita ugali uliokaliwa. Kuna siddu, mkate wa ngano uliopikwa kwa mvuke, ndani umejazwa lozi za kienyeji au mbegu za kusaga, juu unamwagiwa samli ya moto. Tulipokaa nyama ilipikwa mara moja tu.

Bibi wa nyumba ile alikuwa wa umri wa baba. Alifunga kichwa kwa kitambaa kama bibi yeyote wa Usambara. Hakujua Kiingereza, baba hakujua Kihindi, lakini kila asubuhi walikaa pamoja kwenye kibaraza kuota jua. Asubuhi ya pili anga lilikuwa safi. Mvua zikishakatika, Oktoba anga la huko linakuwa kama limefuliwa. Mbele yetu, ng'ambo ya mabonde, safu nzima ya vilele vyeupe ikajitokeza, kutoka mwisho huu wa macho hadi mwisho ule. Kilimanjaro tumezoea uko mmoja, umejisimamia. Hapa ni ukuta.

Bibi akanyoosha mkono. "Baraf," akasema.

Baba akageuza kichwa, akatafuta kwa lile jicho moja lililobaki, akalizungusha taratibu kama alivyofundishwa, mpaka akapata. "Barafu," akasema. "Eee. Barafu."

Bibi akacheka mpaka akajifuta machozi. Ni neno lile lile, kwao na kwetu, limetoka kwa Waajemi likagawanyika njiani. Siku zote zilizobaki wakawa wanatafutana maneno: chai, dawa, kitabu, dunia, rangi, duka. Tulipoondoka alimvika kofia ya sufu ya huko, ile yenye ukanda wa kijani mbele.

Lile jicho la kushoto lilidumu miezi kumi na tisa. Baba alifariki mwaka 2020. Katika vitu alivyokuwa akiwasimulia wajukuu baada ya kuwa kipofu kabisa, ule ukuta mweupe aliurudia mara nyingi kuliko hata reli.

Sasa tuzungumze presha yako, maana sitaki mashemeji wakapata la kusema. Shimla na Narkanda zina mita 2,200 hadi 2,700. Watu wengi wanazimudu, lakini muone daktari wako kwanza, mwambie urefu huo kwa takwimu, na ubebe dawa za safari nzima na za wiki moja zaidi, kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi kubwa. Baridi nayo hupandisha presha, kwa hiyo sweta mbili, soksi za sufu, na shuka zito. Mwanao akikuambia mwende Spiti, ambako mji wa Kaza uko juu ya mita 3,600, mkatalie. Akikuambia mruke kwa ndege kwenda Leh huko Ladakh, kwenye mita 3,500, mkatalie mara mbili, maana ndege inakushusha juu mwili haujapata nafasi ya kuzoea. Wapagazi wetu wa Kilimanjaro watakueleza maumivu ya kichwa ya huko yakoje, na wao ni vijana. Bonde la Manali lina mita 2,000 hivi. Hilo sawa, kama siku zitatosha. Mimi ningeliacha, ni saa nyingi za basi kwenye kona.

Oktoba umechagua vizuri hata bila kujua. Julai na Agosti usithubutu. Milima ile inaporomoka mvua ikizidi. Agosti 2023 udongo uliangukia hekalu moja pale Shimla watu wakiwa wanasali, na wengi walikufa. Mei na Juni nako ni msongamano. Mwaka uliofuata baada ya safari yetu, 2018, Shimla ilikauka mabomba kwa siku nyingi, na baadhi ya wenyeji wakawaomba watalii wasije kabisa. Ndiyo maana nakuambia usikae mjini. Ukilala kijijini fedha yako inabaki kwa mama mwenzio, na ndoo ya maji utakayooga utaiona imetoka wapi.

Kuhusu vyumba viwili vya uani, dada yako anakupenda na hesabu yake ni sahihi. Mabati utanunua mwakani, au mwaka unaofuata, bei ikiwa imepanda. Huyu kijana akishahitimu atatafuta kazi, atapata mchumba, atakuwa na siku za likizo za kuhesabu, na hizo siku atagawa kwa watu wengi. Waambie mashemeji ukweli wote: unakwenda kumfuata mtoto wa ndugu yao. Ukipenda usiseme neno mlima.

Viza na cheti cha homa ya manjano uliza mapema, usingoje mwezi wa tisa. Treni ya Kalka inajaa, hasa wakati wa sikukuu zao za Oktoba, kwa hiyo mwanao akate tiketi mara tu zikifunguliwa. Na mwambie achague viti vinavyotazamana.